Mazoezi ya Mbwa Ndani ya Eda

Mume wangu alipofariki aliniachia vitu viwili: eda na mbwa. Eda sikuwa na ugomvi nayo, ile ni haki yake. Mbwa ndiye aliyenitia hasira. Tangu siku ya kwanza alipoingia nyumbani nilisema simtaki, marehemu akacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kazi yake ilikuwa kufundisha mbwa wa ulinzi. Huyu alikataliwa kazini kwa sababu hakutulia hata dakika moja, na marehemu alipostaafu akaja naye, masikio wima, uso mweusi, miguu haijui kusimama. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, kuta nene, ghorofa mbili, na katikati pana ua wa saruji ulio wazi juu. Mbwa akapewa ua na bakuli lake, mimi nikabaki na ghorofa yangu. Mbwa mkavu akinigusa nami mkavu si neno, lakini akikulamba, mkono unaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Nilihakikisha hanilambi.

Kila asubuhi baada ya kusali walikwenda Mtoni kwa miguu, wakafanya mazoezi ufukweni, wakarudi mbwa kachoka na mume wangu kachoka zaidi. Akinywa chai alinieleza yote waliyoyafanya. Mimi nikiitikia tu, akili yangu iko dukani. Nilikuwa na duka la kanga Mlandege, na kwenda na kurudi kwa miguu mara tatu kwa siku kwangu halikuwa jambo. Mimi pia sikuzaliwa nikae.

Kisha akaanguka siku moja adhuhuri, na kesho yake tukamzika. Nikawa kizuka, mjane aliye edani. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna udi, hakuna asumini, na mlango wa nje usiuvuke ila kwa dharura. Duka akalishika mdogo wangu, ambaye alikuja kila siku na kikapu cha sokoni. Mbwa hakuwa na wa kumtoa. Mdogo wangu anamwogopa hata akiwa amelala.

Wiki ya kwanza alilia. Ya pili akaanza kuurukia mlango. Alitafuna mguu wa kiti, akatafuna ndoo, akatafuna ubao wa chini wa mlango hadi mwanga wa njiani ukaonekana. Wanawake walikuja kusoma khitma, na kila sauti zikipanda juu, naye chini anapandisha yake. Mmoja akafunga msahafu akaniambia malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Nikamwambia basi leo wameingia nani, maana nyumba imejaa. Hakucheka.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ana shamba la karafuu upande wa Kizimbani. Alikuja siku ya kumi na sita, akakaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Shemeji, mbwa huyu hakai. Majirani wananisimamisha njiani. Nnakupa wiki mbili. Akiwa bado ana kelele, n'tawaleta watu wamchome sindano, yaishe."

Ningeweza kusema mchukueni leo. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alipoondoka nilisimama juu, kwenye ukingo wa roshani ya ndani, nikamtazama yule mbwa. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akakimbia, akaupiga mlango kwa kifua, akaanguka, akainuka, akarudi tena ukutani. Nilimwonea wivu. Siku kumi na sita nilikuwa nikiutamani mlango ule vile vile, na mimi nimekaa na tasbihi yangu watu wananisifu kwa subira.

Nikashuka. Nilijisemea: huyu anataka kuchoka tu, nami n'tamchosha. Kwanza nikaumwagia ua maji, nikausugua wote kwa ajili ya twahara yangu, ndiyo niliyoifikiria kabla ya kingine chochote. Kisha nikamrushia mpira. Ilikuwa saa saba mchana, ameshakula. Akaukimbilia kama kichaa, akaurudisha, nikarusha tena, akazidi, macho yamemtoka, na mara ya ishirini au zaidi akateleza kwenye saruji iliyolowa, akajibamiza ukutani. Akatapika chakula chote. Mguu wa mbele akawa haukanyagi. Na hakuchoka! Alisimama kwa miguu mitatu akiutazama mpira, anatetemeka.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi kulia peke yangu. Mguu ulikuwa umeteguka tu, siku nne akawa sawa. Siku zile nne nilijaribu kuyakumbuka yale ya wakati wa chai, yote niliyoyaacha yapite. Yalikuja vipande vipande. Mpira unampandisha, haumtulizi. Mtoe kabla hajala, na akimaliza mpe saa nzima ndipo ale. Weka mgongo wa mkono chini, ardhi ikikuunguza wewe inamuunguza na yeye. Mbio zake lazima ziwe na mwanzo na mwisho, na mwisho uamue wewe. Na moja alilolisema mara nyingi mpaka nikamkatiza: mbwa kama huyu miguu yake haichoki, mchoshe pua.

Mdogo wangu akaniletea mikeka chakavu, vifuu vya nazi na dagaa. "Dada, watu watasema umerukwa," aliniambia. "Ndani ya eda unacheza na mbwa!"

"Waambie sichezi," nikamjibu. "Nnafanya kazi."

Nilitandika mikeka ili asiteleze. Saa moja asubuhi, jua halijafika uani, tulianza kwa kutembea. Yeye ubavuni mwangu, kushoto, kamba imelegea. Akivuta, nasimama. Nasimama mpaka anigeukie, ndipo tunakwenda. Siku ya kwanza tulisimama zaidi kuliko kutembea. Hatua kumi na nne kutoka ukuta hadi ukuta, tunageuka, kumi na nne nyingine. Kisha akae, asubiri, nihesabu mpaka ishirini. Kisha vifuu: navipanga kumi, kimoja kina dagaa chini yake, naye anatafuta. Nilikuwa sijui kwamba mbwa akinusa kwa bidii hupumua namna ile, mbavu zinakwenda mbio kuliko akikimbia. Dakika kumi, maji kidogo, kivulini, na tena jioni jua likiondoka. Baadaye nilificha dagaa kwenye nyufa za ukuta, chini ya ngazi, ndani ya tambara lililofungwa fundo. Alinilamba, bila shaka. Nilikuwa na kopo la udongo karibu na bomba, na mkono wangu wa kushoto ulibabuka kwa kuoshwa.

Wiki mbili zilipotimia shemeji alikuja, akakaa, akanywa kahawa, akatega sikio.

"Mbwa mmeshamtoa?"

"Yupo chini amelala."

Alikwenda kuchungulia mwenyewe. Aliporudi hakutaja sindano, akazungumzia mvua. Nilicheka nyuma ya pazia mpaka nikaziba mdomo kwa mtandio.

Tukaendelea. Siwezi kusema nilikuwa na furaha, kizuka hana furaha na mimi sikuitafuta. Lakini asubuhi nilikuwa na sababu ya kushuka ngazi. Nilizunguka ule ua hata nikajua kila ufa wa saruji, naye pia akaujua, na hapo ndipo nilipoona jambo lililonikera: alianza kugeuka hatua mbili kabla ya ukuta. Hata nikimfungua kamba akimbie atakavyo, hakuukaribia tena. Mlango wa nje hakuutazama kabisa.

Siku ya sabini na mbili shemeji alirudi. Karafuu zilikuwa zimeanza kuanikwa, na wezi nao wameanza.

"Shemeji, yule mbwa kawa mtu sasa. N'tamchukua shamba."

Damu ilinipanda. "Siku zile mlitaka kumchoma sindano!"

"Siku zile alikuwa kichaa. Sasa wewe umemtengeneza, Mungu akulipe."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mbwa ni wangu, nikamwambia marehemu angekasirika, nikasema maneno mengine ambayo mke wa ndugu yake hakupaswa kuyasema. Alisubiri nimalize. Ni mtu mpole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Kule ana nafasi ya kukimbia," alisema. "Hapa nnamwona anazunguka tu. Na wewe mwenyewe hutoki."

Alikuwa amesema kweli, nami niliijua kabla yake, tangu ule ugeukaji wa hatua mbili. Kama ningemweka, ningemweka kwa ajili yangu.

Shemeji alipotangulia nje nikashuka, nikamfunga mbwa kamba, nikafungua mlango kiasi cha yeye kupita. Nikamweleza shemeji kutoka nyuma ya ubao wa mlango: asubuhi mapema, kabla hajala, asimrushie mpira, amfichie vitu avitafute, na ardhi aiguse kwanza kwa mgongo wa mkono. Akasema sawa. Akaishika kamba.

Nilichungulia pale penye upenyo. Mbwa aligeuza kichwa mara moja, nikamwambia nenda, kwa sauti ile ile ya uani. Akaingia ubavuni mwa shemeji, kushoto. Mimi nimesimama kizingitini, nguo nyeupe, mguu hauvuki, na nilikuwa namwomba kimoyomoyo avute, avute mara moja tu, aupindue mkono wa yule mzee arudi mlangoni. Walikwenda mpaka kwenye kona kamba imelegea, kama nilivyomfundisha.