Nilivyojifanya Rafiki wa Marehemu kwa Ajili ya Waridi

Mkasa huu nimeuficha karibu mwaka mzima, na hata sasa nikiukumbuka masikio yananiwaka moto, ila bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjausikia kwa watu wa Yeoville, maana wao wanautia chumvi.

Mimi ni fundi simu, napanga Berea, hapa Johannesburg, ghorofa ya saba, hakuna hata pa kuweka chungu cha ua, na ugonjwa wangu ni kupiga picha za maua kwa karibu sana, karibu kiasi kwamba chavua inaonekana kama punje za mchele. Sina taa wala ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, natumia mwanga wa mawingu na mikono yangu miwili, kwa hiyo lazima niegemee kitu na kubana pumzi, maana nikitikisika kidogo tu ua lote linakuwa ukungu.

Jumamosi hiyo mvua ilikatika alfajiri, mwanga ukawa laini, nikaenda makaburini. (Msinicheke. Maua mabichi ya bure Johannesburg yako wapi?) Kwenye kaburi moja jipya nikakuta shada lenye waridi jeupe, tone la maji limening'inia kwenye ncha ya petali. Nikalala kifudifudi kwenye udongo, viwiko chini, machozi yananitoka (chavua hainipendi kama ninavyoipenda), na kwa kuwa upepo ulikuwa unalitingisha lile ua, nikawa nalibembeleza: "Tulia mpenzi, tulia kidogo tu, usinifanyie hivi."

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Kugeuka, familia nzima imesimama, nguo nyeusi, pamoja na mchungaji wao. Mama mmoja wa Kikongo, mjane mwenyewe, akanishika bega.

"Ndugu yangu, na weye ulikuwa unamujua bwana yangu?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini utamwambiaje mjane kwamba umemlalia mumewe kwa ajili ya picha? Nikaitikia kwa kichwa.

Basi nikainuliwa, nikapanguswa udongo, nikasimamishwa mbele kabisa, kamera nimeificha ndani ya koti. Wakaimba, nami nikaimba (wimbo siujui, nilikuwa nafungua mdomo tu). Nikadhani nimepona, kumbe mchungaji ameniwekea jicho: "Huyu ndugu amefika mbele yetu sisi wote. Atupe neno."

Nikasema marehemu alikuwa mtu mwema. Wakaitikia amina. Ningenyamaza hapo! Lakini zile amina zilinipa kichwa, nikaongeza kwamba alinisaidia sana nilipokuwa sina kazi hapa Joburg, na nilikuwa nakwenda kwake mara kwa mara.

Binti wa marehemu, msichana wa miaka ishirini hivi, akauliza taratibu, "Kwake wapi?"

"Yeoville," nikabahatisha, maana Wakongo wengi wanaishi huko.

"Eish," akasema. "Papa alitoka Bukavu na ugonjwa. Tulimtoa uwanja wa ndege, tukamupeleka hospitali. Hakutoka tena."

Kaka wa marehemu akaona koti langu limevimba, akavuta mkanda uliochungulia, kamera ikachomoka. "Mwizi huyu!" Binti akaipokea, akaanza kupitia picha. Waridi. Waridi. Waridi. Picha themanini na kitu za waridi lile lile, nyingi ukungu mtupu, na moja ya sisimizi. Nikakiri yote huku natazama viatu vyangu.

Mjane akaichukua kamera, akaikodolea. "Hii maua niliipanga miye, na mikono yangu," akasema. Kisha akanigeukia: "Si ungeliuliza tu? Ningelikukatalia juu ya nini?"

Shemeji yake angenizaba kibao ningeumia kidogo kuliko hapo.

Akaniomba nakala moja. Nikaenda kuisafisha studio moja Fordsburg, kwenye karatasi nzuri, na Jumapili nikampelekea kanisani kwao Yeoville, nia yangu niiache mlangoni nikimbie. Mzee aliyekuwa anakaribisha watu akanitazama, akaitazama ile picha ya waridi, akageukia ndani, akaita kwa sauti iliyofika mpaka madhabahuni: "Mama, rafiki wa marehemu amefika!" Kanisa zima likageuka, likaangua kicheko, na mjane naye alicheka, amejifunika mdomo kwa kitenge.

Jina hilo ndilo naitwa mpaka leo, hata na wateja wa simu. Makaburini siendi tena, na ua la mtu silisogelei kabla sijaomba ruhusa. Na mtu akiniuliza kama namfahamu fulani, nasema hapana kwanza, hata akiwa ni mjomba wangu.