Jangwa la Hockley Lilikuwa na Saa ya Chai

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kiwanda alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akafurahi. "Afadhali," alisema, "sasa tuna mtu wa joto."

Mimi nilikuwa natetemeka. Ilikuwa Novemba, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, na mvua ya Birmingham ilikuwa imepita kwenye koti langu jipya kana kwamba ni chandarua. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtoto wa Limuru, ambako ukungu huamka baada ya watu, na kwamba jangwa nalijua kwa ramani tu. Lakini nilikuwa na shahada ambayo wino wake haujakauka, chumba cha kupanga Acocks Green, na nafasi ya kazi ya majaribio. Nikajibu, "Ndiyo, bwana. Joto tumezaliwa nalo."

Kiwanda chetu kilikuwa Hockley, mtaa wa Birmingham, kimebanwa kati ya karakana za masonara. Tulitengeneza pampu za visima virefu: pampu hukaa chini kabisa kwenye maji, na injini ya dizeli iliyo juu huizungusha kwa mhimili mrefu wa chuma. Siku hizo kila nchi yenye jangwa ilikuwa na ndoto. Wengine walitaka mashamba, wengine malisho, wengine miji mizima. Ardhi ilikuwapo, jua lilikuwapo, na maji yalikuwapo chini. Kilichokosekana ni mashine ya kustahimili vumbi na joto. Mkuu wa Kiwanda alituambia waziwazi: pampu yetu ikishindwa jangwani, idara yetu inafungwa, na sisi sote tutatafuta kazi kwingine.

Kwa hiyo tukajenga jangwa. Msimamizi wa Majaribio, mzee mpole ambaye safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya basi kutoka kituo cha Digbeth, hapo hapo mjini, hadi pwani ya Wales, alichukua banda la bati, akalijaza majiko, akaweka feni za kupuliza mchanga wa kusubia vyuma. Ndani tulifanya kazi kwa fulana. Nje theluji ilitungoja. Mwenzangu alikuwa Fundi Harbans, Singasinga wa Nakuru, na Kiswahili chetu kilikuwa siri yetu mbele ya mabosi.

"Bwana mhandisi," alinitania, "watu wanapanda ndege kwenda kuota jua. Sisi tumekuja Ulaya kuchomwa ndani ya banda."

"Nyamaza, fundi. Mtu wa joto anafanya kazi."

Majuma yakapita na injini haikukohoa hata mara moja. Mkuu alitushika mikono sote kutupongeza, kisha akatutuma mimi na Harbans tukaifunge mashine kaskazini mwa Kenya, ng'ambo ya Marsabit. Ndivyo nilivyofika jangwani mara ya kwanza maishani, nikiwa mtaalamu wake.

Kisimani tulipokewa na Mzee wa Kisima. Hicho ni cheo: ndiye anayepanga zamu za kunywesha mifugo, na neno lake halipingwi. Asubuhi ya kwanza maji yalitoka kwa kishindo, wanawake wakapiga vigelegele. Mbuzi wakanywa, ng'ombe wakanywa. Jua lilipofika utosini wakaingia ngamia, nao hunywa kama wanaolipiza kisasi. Injini ikanguruma, rejeta ikachemka, moshi ukatoka, kimya. Ngamia wakanyoosha shingo juu ya hori tupu.

"Mwanangu," Mzee aliniuliza, "maji yamekwenda wapi?"

"Mashine imeugua, mzee."

"Jana ulisema haiugui."

Harbans alifungua hiki na kile, hakuona kilichovunjika. Ilikuwa imepata joto kupita kiasi tu. Tukaiacha ipoe, naye akabandika sufuria ya chai. Alipokuwa akimimina, mkono wake ukasita.

"Bwana, saa hizi Hockley wanafanya nini?"

"Wanakunywa chai."

Tukatazamana. Hockley kila injini ilizimwa saa ya chai ya asubuhi, ikazimwa wakati wa chakula, ikazimwa tena kwa chai ya alasiri. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo, kama vile mtu hataji kwamba anapumua. Jangwa letu lilikuwa la kweli, ila lilifuata desturi za kiwanda. Pampu ilikuwa imefaulu kwa sababu ilipumzika na wafanyakazi.

Nilikwenda kwa Mzee kumwomba aongeze nafasi kati ya kundi na kundi, na tangi la akiba lijazwe alfajiri kukiwa baridi.

"Ngamia aingoje mashine?"

"Kidogo tu, mzee."

Alifikiri. "Basi mtakaa hapa mnywe chai nami, watu waone kwamba inapumzika, haifi."

Tukanywa chai nyingi sana. Ngamia wote walikunywa, na idara ilipona.

Tuliporudi Hockley tulifunga rejeta kubwa zaidi, na nikamwambia Msimamizi wa Majaribio kwamba banda halitazimwa tena.

"Tuache chai?" aliuliza kwa uso wa mfiwa.

"La. Watu wanywe kwa zamu. Mashine isinywe."

Nikapanda vyeo. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilirudi kisimani na injini mpya isiyochoka. Njiani nilipita visima vingine ambako maji yalimwagika kutwa: makundi yalikuwa yamehamia hapo moja kwa moja, na pande zote nyasi zilikuwa zimeliwa, pamebaki vumbi tupu. Kwa Mzee nyasi zilikuwapo. Nikakuta injini ya zamani imezimwa, sufuria imebandikwa.

"Mzee, hii mpya niliyoleta haihitaji kupumzika."

"Najua," alisema, akinipa kikombe. "Nyasi ndizo zinazohitaji. Watu wakijua maji yana zamu, hawaleti mifugo yote, wala hawalali hapa."

Sasa nimestaafu, niko Acocks Green, na vijana wahandisi huja kuniuliza kuhusu kustawisha majangwa. Huja na michoro mizuri ya mitambo isiyosimama hata dakika. Ninawasikiliza hadi mwisho, maana nami niliwahi kuwa mtu wa joto. Kisha ninabandika birika, ninawauliza: je, hiyo itazimwa saa ngapi?