Mara Kumi na Moja za Mama Daye

Kwanza niseme wazi: mimi ndiye niliyebonyeza. Watu wa soko letu hapa Gunsan wanasema Daye ndiye aliyemuumiza mama yake, na mimi nanyamaza, lakini kidole kilikuwa changu. Hapo nitafika.

Mama Daye jina lake hasa ni Pyo Malsun, ila sokoni nani anamwita mwenzake kwa jina? Yeye Mama Daye, mimi Mama Hyeok. Yeye aliuza vitoweo, dagaa wa kukaanga na kimchi, zile mboga za kuchachushwa kwa pilipili, mimi nauza tofu, ile jibini ya soya, na soya yenyewe, na kati yetu ukuta mmoja wa bati kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mfupi, mikono myekundu kwa pilipili, na maneno yake ya kuhesabu. Ukimwambia, "Mama Daye, leo umependeza," anakujibu, "Kimchi nikufungie kiasi gani?"

Mumewe alipokufa hakutoa chozi. Ukumbi wa msiba umejaa watu, yeye siku tatu anazunguka na mabakuli ya supu ya nyama. "Umekula? Na wewe umekula? Huyu mbona hana kijiko?" Daye alikuwa na miaka kumi na minne. Alikaa kwenye kona na nguo zake nyeusi, anamtazama mama yake, na mimi nilimwona anavyomtazama.

Mtoto akakua, akasoma, akapata kazi Seoul kwenye kampuni ya vipodozi. Huko sijui wanafanya kazi saa ngapi, maana kila mtu kwanza anakuuliza herufi zako nne. Unajibu maswali kwenye simu, simu inakwambia wewe ni mtu wa aina gani: mpenda watu au mpenda upweke, mtu wa moyo au mtu wa kichwa. Wapenzi wanaachana kwa herufi hizo. Mwanangu Hyeok aliulizwa za kwake alipokwenda kuomba kazi ya kuchemsha kahawa. Kahawa, jamani!

Sikukuu ya mavuno ya mwaka juzi Daye akaja nyumbani. Wiki mbili kabla, mchumba wake alikuwa amemwacha. Daye alimpigia mama yake huku analia, na mama yake akamuuliza, "Umekula?" Basi siku ile tumekaa watatu kibandani tunafinyanga keki za mchele, Daye akatoa simu akaanza kumsomea maswali.

"Mama, mtu akilia mbele yako, na wewe unasikia kulia?"

"Nikilia naye, nani atapika?"

"Sema ndiyo au hapana."

"Hapana, basi."

"Ukiamua jambo unafuata moyo au akili?"

"Moyo unajua bei ya figili? Andika akili."

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Daye hakucheka. Simu ikasema: mtu wa kichwa. Halafu akafungua jedwali linaloonyesha nani anapatana na nani. Akatafuta aina ya mama yake na aina yake mwenyewe, na pale zilipokutana palikuwa pekundu, yaani hawapatani.

"Nilijua," akasema. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. "Hata baba alipokufa hukulia. Nimekulaumu miaka yote hii bure, Mama. Si kosa lako, umeumbwa hivyo. Tukikaa mbalimbali kidogo, hatutaumizana."

"Mbali kuliko Seoul?" mama yake akauliza.

Daye akaondoka kesho yake asubuhi. Simu ya kila Jumapili ikawa ya kila mwezi. Mwaka Mpya hakuja, akasema kazi nyingi.

Ndipo Mama Daye akazunguka ukuta akaja kwangu, anafuta mikono kwenye aproni, simu kaishika kama sahani ya moto.

"Mama Hyeok, hiki kitu kinarudiwa?"

"Kinarudiwa, kwani ni hukumu ya mahakama?"

"Basi nisomee, macho yangu hayaoni. Nataka nitoke mtu wa moyo, mwanangu arudi. Lakini tusidanganye. Nikidanganya, atakuwa amemrudia mtu mwingine."

Tukarudia. Siku mgongo ulipomuuma akatoka mpenda upweke. Siku mteja wake wa zamani alipomletea furushi la viazi vitamu akatoka mpenda watu. Siku moja mtu wa kupanga mambo, siku nyingine mtu wa kwenda na upepo. Mara kumi na moja msimu ule wa baridi, na tukapata wanawake sita mbalimbali, wote wamevaa aproni moja. Mizani yangu ya soya ikisema kilo leo na robo kesho, watu wa manispaa wataibeba na mimi mwenyewe juu yake!

"Shoga," nikamwambia, "hiki kitu hakijui lolote. Kinakurudishia ulivyoamka tu."

"Mwanangu anakiamini. Soma."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikasoma. Lakini lile swali la kulia kila mara alijibu hapana, na kila mara akatoka mtu wa kichwa.

Mara ya kumi na moja, tulipofika hapo, akafuta mikono kwenye aproni. Halafu akauliza, "Yale ya kwenye chumba cha baridi yanahesabika?"

Nilijua anasema nini, ingawa hatukuwahi kuyataja. Nyuma ya soko kuna chumba cha baridi tunachohifadhia vitu vyetu. Siku ya arobaini na tisa baada ya mumewe kufa, ile ya kumuaga marehemu kwa mara ya mwisho, niliingia humo kufuata tofu, nikamkuta amechuchumaa kati ya ndoo za kimchi, amejaza aproni mdomoni ili asisikike. Nikarudi kinyumenyume, nikafunga mlango.

"Yanahesabika," nikasema.

"Hakuna aliyeyaona ila wewe. Na swali linasema mtu akilia mbele yako, mle nililia peke yangu. Ngoja nifikiri."

Mimi sikungoja. Nikabonyeza ndiyo, na yaliyobaki nikayamaliza mwenyewe mbiombio. Mtu wa moyo! Nikapiga picha ya jibu, nikamtumia Daye kwa simu ya mama yake, kabla yeye hajapata hata miwani yake.

Baada ya saa moja jibu likaja, na ni mimi niliyemsomea. "Mama, umejibu ulichojua nakitaka. Hivyo ndivyo watu wa kichwa wanavyofanya. Usijisumbue."

Hakunigombeza. "Ameona," akasema. "Ana akili mtoto yule." Akarudi kukaanga dagaa wake. Angenitukana siku ile, leo ningelala vizuri.

Wiki tatu baadaye alianguka mbele ya jiko asubuhi, mshipa wa kichwani umepasuka, na adhuhuri akawa ameshakufa. Mezani kulikuwa na boksi la kumtumia Daye, limefungwa nusu: dagaa, mizizi ya yungiyungi, kimchi ya figili. Nililibeba mimi mpaka ukumbi wa msiba.

Nilifika siku ya pili mchana, na hasira zangu zote. Maneno ya kumwambia Daye nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikamkuta kwenye nguo nyeusi, utepe mweupe kichwani, macho makavu, anazunguka na mabakuli.

"Shangazi, umekula? Mjomba, hawajakupa kijiko? Leteni wali huku!"

Wenzake wawili wa kazini walikuwa wameketi. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe ni mtu wa kichwa huyu. Na anatuambia yeye wa moyo." Daye alikuwa nyuma yao na bakuli mkononi. Akasimama pale pale, supu inamwagikia vidole. Nikamnyang'anya bakuli, nikamvuta pembeni.

"Mama Hyeok, mbona silii?" akasema. "Tangu jana. Nikikaa kifua kinabana, nikibeba supu napumua."

Hasira zikaniisha. Nikamwambia yote: mara kumi na moja, wanawake sita, kidole changu, chumba cha baridi, aproni mdomoni. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Ilikuwa siku gani?"

"Siku ya arobaini na tisa ya baba yako."

"Siku ile alirudi akanipikia supu ya soya," Daye akasema. "Nikamwambia sina njaa."

Tangu jana alikuwa akiwauliza watu wote, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye. Nikamuuliza, "Daye, mwanangu, umekula?"

Akaketi chini sakafuni, na kilio kilichomtoka kikageuza vichwa ukumbi mzima. Nikamletea wali, nikafungua lile boksi. Alikula huku analia, kimchi ya figili ya mama yake, kipande kimoja kimoja, mpaka ikaisha.