Madamu Irène na mipira miwili ya Mutakura

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Katika baa moja ya mtaa wa Mutakura viti bado vimepinduliwa juu ya meza na sakafu haijakauka maji ya deki. Irène Furaha ameinama kwenye meza ya biliadi, fimbo mkononi. Wanafunzi wake wamemzunguka, kalamu tayari.

"Nani atatabiri?" anauliza.

"Mweupe itasimama, Prof," anajibu Orlane haraka. "Nyekundu itaenda na mwendo wote."

Wenzake wanaitikia kwa vichwa. Irène anaupiga mpira mweupe chini kidogo ya katikati, ili uteleze bila kubingirika. Unaugonga mwekundu uso kwa uso. Mwekundu unachomoka, na mweupe nao unaendelea nyuma yake, polepole.

"Prof, huu mpira haukusoma kozi!" Hugues anapaza sauti. Kicheko kinajaa baa.

"Ulisoma vizuri," anasema Irène. "Ni nyinyi mulikariri mfano wa mipira ya uzito sawa."

Irène, aliyezaliwa Uvira, anafundisha fizikia katika shule ya binafsi isiyo na maabara. Mwenye baa humwachia meza bure kabla wateja hawajaanza kuingia. "Ubaoni wanaona herufi tu," anasema. "Hapa wanaona vitu vikigongana."

Lakini leo huenda ikawa mara ya mwisho. Mtihani wa taifa uko karibu, na wazazi kadhaa hawataki watoto wao waonekane baani. Wamemtuma Candide, muuza vitenge na mama yake Orlane, aje aone. Kesho baada ya misa atawapa jibu. Amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Hata Fanta ameikataa.

"Madamu, mi sina ubaya na we," anasema. "Lakini mutoto wangu akitoka baa asubuhi yote hii, majirani watasema nini?"

"Nakusikia, Mama Orlane. Angalia kwanza, kisha uamue."

Mizani ya kupimia nyama ya mishikaki inaletwa kutoka jikoni. Mpira mweupe wa zamani ulipotea, na huu ulionunuliwa badala yake una gramu 210. Mwekundu una 140.

"Tuseme mweupe unakuja kwa mita mbili kwa sekunde, mwekundu umetulia," anasema Irène. "Uzito mara mwendo, jumla ya kabla ni sawa na ya baadaye. Na tukichukulia mgongano haupotezi kitu, nishati ya mwendo nayo ni ileile. Orlane, njoo."

Orlane anaandika kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Hesabu inampa majibu mawili kwa kasi ya mpira mweupe: mbili, au sifuri nukta nne. Anaizungushia mbili duara.

"Na nyekundu?" anauliza Irène.

"Sifuri."

Hugues anafungua mdomo, mwalimu anamnyamazisha kwa kidole. Orlane anaitazama meza, kisha karatasi.

"Apana," anasema taratibu. "Hii ni mipira ambayo haijagongana. Ni ya kabla."

Anaikata ile mbili mwenyewe. Mweupe, 0.4. Mwekundu, 2.4. Bila kuambiwa anatoa moja kwa nyingine: mbili, kasi ileile ambayo mipira ilikuwa ikikaribiana kabla ya kugongana.

"Prof mupya huyo!" Hugues anamtania.

Candide amesimama. Ameshafika kwenye meza bila mtu kumwona.

"Nani amemuambia ile ya kwanza ni mbaya?"

"Hakuna mutu, Mama Orlane," anajibu Irène.

"Huyu? Nyumbani ananiuliza mi hata chumvi iko wapi." Anamtazama binti yake, ambaye ameinamisha uso akitabasamu. "Kesho nitawaambia waache watoto wakuje. Lakini zile chupa zote muzifunike kitambaa. Kitenge nitaleta mi mwenyewe."

Irène anacheka hadi anaegemea meza. Ndoto yake ni kuwa na reli ndefu ya mbao na vigari viwili vya kugonganisha, shuleni kwake. Fundi mmoja wa Buterere amekubali kuitengeneza. Anachosubiri ni mkuu wa shule ampe chumba.

"Siku ya mtihani hakutakuwa na meza," anasema, akifuta chaki kwenye fimbo. "Nataka wafumbe macho, waione mipira ikienda, ndiyo waanze kuandika."