Majani ya Mama

Mama yangu alikamatwa kwa sababu ya mgagani. Nasema hivyo waziwazi mapema, maana watu wakinisikia nikisimulia huanza kucheka kabla sijafika mwisho, na mimi hadi leo sijaona cha kuchekesha.

Mgagani ni mboga ya porini. Mvua zikianza huku kwetu Dodoma huota wenyewe zizini na kando ya mashamba, na akina mama huuchuma na kuuanika juu ya paa bapa la tembe ili kiangazi kisiwakute mikono mitupu. Jani lake limegawanyika vidole vitano. La bangi nalo lina vidole, ila kingo zake zina meno kama msumeno, na harufu yake humfikia mtu kabla hajauona mche. Mwenye macho na pua hawezi kuvichanganya.

Mgambo wawili walipita kijijini, wakaona paa la jiko la mama limetandazwa majani. Mkubwa wao alimwamkia shikamoo, akasubiri marahaba yake, ndipo akaanza kumhoji. Jirani aliyekuwa akitwanga hapo pembeni alisikia yote.

"Bibi, haya ni majani?"

"Ndiyo baba, majani."

"Unatumia mwenyewe au unauza?"

"Natumia mwenyewe. Mgeni akija nampa. Yakizidi napeleka mnadani."

Mama anaishi kwa Kigogo. Kiswahili chake ni cha sokoni, na katika Kiswahili hicho majani ni mboga, basi. Nani angemwambia kwamba mjini neno hilo lina kazi nyingine? Wakasomba kila kitu kwenye gunia, wakampeleka ofisini kwao, naye akawafuata akidhani wanataka kununua.

Jirani alinipigia simu nikiwa kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini. Nilipanda bodaboda nikiwa na hasira. Mtaani kwangu vijana huvaa kofia zilizoshonwa jani la bangi mbele, redio zinaimba sifa zake mchana kutwa, na hakuna anayewauliza kitu. Anayekamatwa ni ajuza mwenye mboga.

Mgambo yule mkubwa nilimkuta ameketi, gunia liko miguuni pake. Nikamweleza kwamba huo ni mgagani. Akanitazama kwa huruma, kama anayemsikiliza mtoto akimtetea mzazi mlevi.

"Usinifundishe," akasema. "Hili jani nalijua. Hata kwenye fulana lipo."

Kumbe shahidi wa kesi alikuwa fulana! Babu yake mama alivuta bangi kwenye kibuyu bila kumficha mtu. Mmea wenyewe ulipanda huku na misafara kutoka pwani, na hata jina lake asili yake ni Uhindi. Wazee waliujua, waliovuta na wasiovuta. Sisi tunaojidai kuupiga vita hatuujui hata sura. Na mama alikuwa asafirishwe kwenda mjini jioni ile. Jalada likishafunguliwa, nani angerudi nyuma kuuliza kama ilikuwa mboga?

Askari wa kike aliyekuja kumchukua ndiye aliyemwokoa. Alitumbukiza mkono guniani, akanusa, akauliza kama ofisi nzima hakuna aliyewahi kula mgagani wa karanga. Wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, kile kicheko cha kuwapa heshima wakubwa, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Hakuna aliyemwambia samahani. Mgambo aliyamwaga majani sakafuni ahakikishe hakuna kingine kilichofichwa, akampa gunia tupu, akamwonya asianike tena vitu hadharani. Mama akaomba ufagio.

Nikaanza kufoka. Mama akanishika mkono, akaniambia kwa Kigogo ninyamaze, kwa kuwa mimi nitarudi mjini, yeye atabaki na hawa.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda kumsalimu. Juu ya paa hapakuwa na kitu. Aliniandalia ugali wa uwele na kabichi iliyochemshwa, kabichi ya dukani, yeye ambaye miaka yote aliidharau kwamba ni maji matupu. Nikamuuliza mgagani uko wapi. Alinisogezea bakuli.

"Kula hii, mwanangu," akasema. "Hii haina maneno."