Tandiko la Akaiti

Akaiti alifia juu ya pikipiki yake. Alikuwa ameiegesha nje ya duka la mkate la kijiji cha Areora, injini imezimwa, kifua amekilaza kwenye usukani, na watu watatu walimpita wakamsalimia wakidhani anasubiri mtu. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na bado hakuna mtu katika kisiwa kizima cha Atiu aliyefikiri kwamba mwanamke yule angeweza kukaa kimya kwa sababu amekufa.

Habari zilimkuta Ngavaine, binti yake, kwenye shamba la magimbi, tope limemfika magotini. Kilichomjia kwanza hakikuwa kilio. Lilimjia tandiko.

Kila mwanamke wa kisiwa kile, akianza kuzeeka, hujishonea tandiko lake, tivaevae, la vipande vya nguo vya kila rangi. Analikunja, analiweka sandukuni chini ya kitanda, na nyumba nzima inajua ni la nini. Siku yake ikifika atazungushiwa hilo na kushushwa nalo kaburini, hapo hapo mbele ya mlango wake. Sanduku la Akaiti lilikuwa tupu, na aliyelitoa tandiko lake ni Ngavaine.

Tuseme ukweli, Akaiti hakuwa mwanamke wa sindano. Alipokuwa na miaka ishirini na minne alipanda meli ya kubeba mbata, nazi kavu, akamwachia mama yake mtoto wa miaka minne, akasema anakwenda kumsaidia mpishi wa meli na mwezi ukiisha amerudi. Akarudi baada ya miaka sita. Alifika kisiwa cha Manihiki, akapiga mbizi kutafuta chaza mpaka wanaume wakaacha kushindana naye. Akavuka kwenda Nyuzilandi, akafanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika matunda, akaendesha lori la shamba bila leseni. Siku aliyorudi, mashua ilileta kwanza pikipiki iliyofungwa kamba kama nguruwe, kisha yeye, amesimama na kucheka. Kijiji kizima kilikuwa gatini, na kijiji kizima kikampenda hapo hapo.

Isipokuwa mtoto mmoja wa miaka kumi. Akaiti alimletea gauni la njano lenye maua meupe, alilolinunua mwaka wa kwanza akalitunza safari yote. Ngavaine alilipima kifuani. Lilimfika kitovuni.

"La nani hili?" aliuliza.

Akaiti alicheka, kisha akaacha kucheka. Gauni likakunjwa, na hakuna aliyelitaja tena.

Baada ya hapo hakusafiri mbali, ila hakutulia pia. Alizaa mtoto wa pili, Poroa, na wajukuu walipokuja aliwabeba watatu watatu kwenye pikipiki, akawashusha na tochi kwenye mapango ya matumbawe kuwaonyesha ndege wanaoruka gizani. Wakigombezwa makwao walikimbilia kwake. Kisiwa kizima kilikuwa na kisa chake cha Akaiti. Ngavaine alivisikiliza vyote, akacheka na wenzake, na moyoni alikuwa na kinyongo kidogo ambacho hakikuwahi kuisha. Alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha kushona. Akawa fundi wa kwanza wa kisiwa. Tandiko lake mwenyewe, la maua mekundu ya mihibiski, lilimchukua miaka minne, na hata wake wa wachungaji walikuja kuomba walione.

Akaiti alianza lake akiwa na miaka sabini na minne, na aliyemkalisha ni pikipiki, si uzee. Alianguka akavunjika mguu, miezi mitatu akawa hana pa kwenda. Chama cha akina mama kilikuwa kinashonea kwake, na Mama Tokerau, rafiki yake tangu utoto, hakumwonea huruma.

"Akaiti, hiyo ni mishono au nyayo za kaa?"

"Kaa anafika anakokwenda," alijibu Akaiti bila kuinua macho.

Lakini Ngavaine akiingia, mama alilifunika haraka. Ngavaine alijua ni aibu, na nani asingeona aibu? Aliona pembe tu: turubai la meli, kitambaa cha koti la kiwandani, uzi unaopanda na kushuka. Mwishowe likakunjwa, likafungwa kamba, likaingia sandukuni. Hakuna aliyeuliza. Lilikuwa sandukuni mwa kikongwe, ingekuwa la nini kingine?

Kisha ikaja harusi ya Teina, binti wa Ngavaine. Mama wa bwana harusi alishuka kutoka Oklandi na zawadi nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na mgeni wa namna hiyo haondoki bila tandiko. Ngavaine alikuwa ameshatoa yote. Lilibaki lake la mihibiski, na la mama. Akatoa la mama. Alilisokomeza kama lilivyo ndani ya mfuko wa mto aliotarizi yeye mwenyewe, ubaya usionekane, akajiambia mama ana nguvu bado, nitamshonea lingine zuri zaidi. Hakumwomba ruhusa. Akaiti aliuona mfuko ukipita mikononi mwa watu, akamwangalia mwanawe, akaelewa. Hakufoka. Alimfuata jikoni, akamshika kiwiko.

"Ulilikunjua kwanza?"

Ngavaine alikuwa na sinia mikononi na wageni mia mbili uani. "Ndiyo, mama. Nililikunjua."

"Haya," alisema Akaiti, akarudi kukaa. Jioni ile hakucheza, na watu wakasema mguu unamsumbua. Mwaka na nusu ukapita, na lile lingine zuri zaidi Ngavaine hakulianza.

Ndiyo maana, maiti ya mama ikiwa imelazwa sebuleni, Ngavaine alishika simu akampigia mama mkwe wa Teina Oklandi na kujivua nguo mbele yake: nilikupa kisichokuwa changu, nakuomba unirudishie, nimzike mama yangu. Yule mama alikuwa muungwana. Alisema bado limo mfukoni mwake, kabatini, hakutaka kulichakaza. Angelituma siku ile ile mpaka kisiwa kikuu, Rarotonga, na Jumatano lingepanda ndege ndogo ya Atiu.

Poroa, mdogo wake, hakutaka kusikia habari za kungoja. Ilikuwa Jumatatu, joto kali, na kisiwa hakina chumba cha barafu cha maiti. Mama Tokerau alijitolea tandiko lake mwenyewe. Ngavaine akakataa. Mama angelala ndani ya lake, hata liwe baya namna gani. Alimnyang'anya akiwa hai na hangemnyang'anya akiwa amekufa. Poroa alimwambia mbele ya watu kwamba hayo angeyafikiria kwenye harusi. Ilikuwa kweli. Mchungaji alitoa mpaka Jumatano adhuhuri. Siku mbili wanawake walipepea, wakabadilisha majani na maua kuzunguka jeneza, na Ngavaine hakuinuka pale ila kwenda kutazama mbingu.

Ndege ilitua saa nne asubuhi. Teina alileta mfuko kwa pikipiki ya bibi yake, analia na kuendesha. Ngavaine akaufungua. Kamba ya tandiko ilikuwa na fundo la mabaharia, fundo la Akaiti, na vidole vyake havikuliweza. Poroa alilikata kwa kisu. Wanawake wanne wakashika pembe wakalikunjua juu ya jeneza, na kwa mara ya kwanza watu wakaliona lote.

Lilikuwa limepinda, hilo hakuna aliyelikataa. Turubai la meli. Koti la kiwandani. Gunia la mbata. Shati la kuzamia, limepauka kwa chumvi. Vyote vilizunguka katikati, na katikati palikuwa na gauni la mtoto, la njano, maua meupe, limeshonwa zima, mikono imenyooshwa. Kifuani pa gauni, kwa uzi mwekundu, kwa herufi za mtu asiyejua kutarizi, palikuwa na maneno.

LA NGAVAINE. MIAKA SITA. NISAMEHE.

Mama Tokerau aliyasoma mara mbili, akapiga kifua. "Miezi mitatu niko naye," alisema. "Nilimcheka, nikadhani anashona la kaburi lake."

Ngavaine hakulia. Mawazoni alikuwa jikoni, siku ya harusi, na mkono wa mama yake uko kiwikoni. Mama aliuliza swali moja tu, na yeye akajibu ndiyo. Kwa hiyo mama aliondoka duniani akijua kwamba mwanawe ameyasoma maneno yale, akalikunja tandiko, na kumpa mgeni.

"Hili si la kaburi," Mama Tokerau alimwambia taratibu. "Lichukue, mwanangu. Nitaleta langu."

"Hapana," alisema Ngavaine. "Teina, mletee bibi langu. Liko chini ya kitanda."

Teina akaenda akalileta, la mihibiski, la miaka minne. Wakamzungushia Akaiti maua yale mekundu, na watu wakasema kwa sauti ya chini kwamba tandiko zuri kama hilo halijawahi kushuka ardhini Atiu. Ngavaine hakuwasikia. Poroa aliinua kifuniko, akamngoja. Ngavaine aliinama mpaka mdomo ukagusa sikio la mama yake, tandiko lenye gauni la njano amelikumbatia tumboni.

"Mama," alisema, "sikulikunjua."

Akabaki ameinama pale muda mrefu. Mwishowe Poroa akamshika mabega, akamwinua, na wanaume wakashika misumari.