Kikuba cha Magharibi

Nikisikia harufu ya asumini, hata sasa moyo wangu hutulia.

Ndugu yangu alichelewa kutembea, na kusema hakusema. Bibi, mamake baba, alishikilia lake: mama alivaa kikuba, kishada cha asumini cha kifuani, wakati wa magharibi akiwa na mimba, akamvutia mtoto shetani. Tangu hapo mama akaacha kunukia.

Kisha daktari akamtoa mtoto damu, ikapelekwa ng'ambo kupimwa. Majibu yaliporudi alimwambia mama, "Ameumbwa hivi tangu tumboni. Si kwa lolote ulilofanya wewe."

Tulirudi nyumbani jua likitua, mama amevaa kikuba kipya kifuani, ndugu yangu mikononi mwake akikinusa na kucheka. Mama akamweleza bibi maneno ya daktari.

Bibi alimsogelea mama, akaivuta harufu ile.

"Na mimi hukuniletea changu, mwanangu?"